Jumapili Mheshimiwa Alipocheza Ngoma Yetu

Siku tuliposikia kwamba mbunge wetu atashindana kucheza dansi kwenye televisheni, mama yangu alikuwa uani anabangua korosho. Aliinua uso, akauliza swali moja tu: je, atachezea juani?

Nikamwambia hapana, ni ukumbini, Dar es Salaam, kuna viyoyozi na taa za rangi. Mama akaguna, akaendelea na korosho zake. Swali lake halikuwa la ajabu kwa mtu aliyeongoza kikundi cha ngoma cha akina mama wa kijiji chetu, huku upande wa Kiranjeranje, wilayani Kilwa. Miaka yote mheshimiwa alipokuja kututembelea, wao ndio waliompokea. Wanaambiwa msafara utafika saa tatu asubuhi. Saa mbili wameshajipanga barabarani, kanga sare, njuga miguuni, ngoma zimeshapashwa moto. Saa tano, kimya. Saa saba wanacheza ili tu usingizi usiwachukue. Saa tisa gari jeupe lenye vioo vyeusi linaingia na vumbi lake, mheshimiwa anashuka, anapunga mkono, anatikisa mabega mara mbili katikati ya akina mama ili apigwe picha, kisha huyoo, jukwaani. Akina mama wanapewa soda. Kuna mwaka hata hizo soda ziliishia kwa wapambe.

Mimi ni mwepesi wa hasira na sioni sababu ya kuficha. Mambo hayo yalinichoma. Nilikuwa nikimwambia mama aache, akae nyumbani, huyo mtu hamjali. Mama hakuwahi kubishana kwa sauti. Alikuwa na jibu lake moja, na alilitoa kila mara kana kwamba ndiyo kwanza limemjia.

“Yule hajatuona bado, mwanangu. Vioo vyeusi vile, atamwona nani? Akifika jukwaani macho yote kwenye karatasi. Siku akituona, atafanya.”

Atafanya nini? Ataezeka zahanati. Sisi wenyewe tulifyatua matofali, tukachota maji, tukapandisha boma la zahanati mpaka usawa wa linta, kwa ahadi ya mheshimiwa kwamba bati juu yake. Akaja, akapiga picha mbele ya boma, akaondoka, na bati hatukuliona. Sasa mle ndani mmeota nyasi, mbuzi wanalala chumba cha sindano, na kwenye chumba cha wazazi kuna mpapai ambao tumeshaula matunda yake misimu kadhaa. Mapapai matamu sana, sina la kusema.

Katikati ya kungoja bati hilo, kabla ya siku ile ya picha, mama aliteleza mtoni wakati wa masika, na ndoo ya mihogo kichwani, mguu wa kushoto ukavunjika. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Akafungwa na fundi wa mifupa kwa vipande vya mwanzi, mguu ukapona, lakini ukapona kwa namna ulivyotaka wenyewe. Aliporudi kuongoza ngoma, akifika hatua ya nne mguu haukuja kwa wakati. Aliuburuta, na nyonga ikaufuata kwa nyuma kama inayokwenda kuuchukua. Wenzake, kwa kumstahi, nao wakaanza kuburuta miguu yao ya kushoto ili asionekane peke yake. Haukupita muda mrefu, kila mtu akasahau kwamba ngoma ile iliwahi kuchezwa vinginevyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo kijijini, na nilipopewa kikundi cha ngoma cha shule nilijaribu kuirudisha hatua ya zamani. Msichana wa darasa la sita akanivuta pembeni, akaniambia kwa adabu zote, “Mwalimu, hapo lazima mtu achechemee. Asipochechemea siyo yenyewe.”

Basi televisheni. Ya karibu ilikuwa barazani kwa fundi cherehani, ambaye aliwasha king'amuzi chake kila Jumapili baada ya adhuhuri kwa ajili ya shindano, nasi tukakusanyika na mikeka yetu. Fundi huyu hakumpenda mheshimiwa hata chembe. Alikuwa na sababu zake: mheshimiwa alihama chama, akahamia kingine, akarudi kule kule alikoanzia, na aliporudi alitusemesha kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumepotea. Halafu kuna ule mkutano wa korosho alipowaambia wakulima wanaolalamikia bei kwamba kulalamika ndiyo kazi yao ya pili. Fundi hakusahau.

Upande wa pili alikuwa mama yangu mdogo. Yeye alimpenda mheshimiwa kwa moyo wote na hakuona haya. Mheshimiwa anajua kuzika, alisema. Akija msibani anakaa chini kwenye mkeka kama watu, analia machozi yanayoonekana. Tena, kwa umri wake, ana shingo nzuri. Hoja ya shingo hakuna aliyeweza kuijibu.

Kijiji kizima kiligawanyika hivyo. Kwenye mgahawa wa chai kulikuwa na waliosema ni aibu, mtu tumemtuma bungeni anakwenda kukata viuno, na waliosema afadhali, maana bungeni alikuwa analala na huku angalau ameamka. Vijana walisema mzee anakiwasha. Habari zilifika kwamba watu wa Kilwa Kisiwani wanamtazama wakiwa wamenuna, kwa sababu wao aliwaahidi gati. Shehe wetu alitumia darsa zima kueleza kwamba mtu mzima kujinengua hadharani si jambo la heshima, na alipomaliza, wakati tunavaa viatu, akauliza kwa sauti ya chini kama bado hajatolewa.

Hakutolewa. Alikuwa anacheza vibaya, tena vibaya kwa bidii, na bado hakutolewa, jambo lililowashangaza majaji lakini si sisi. Mama mdogo alimpigia kura kwa mapenzi. Fundi naye alimpigia kura, kila wiki, bila kukosa.

“Akitoka mapema atakwenda kupumzika,” alinieleza huku akitunga uzi kwenye sindano. “Wacha atoke jasho.”

Mama hakupiga kura. Alikaa kwenye kona ya mkeka na ungo wake wa korosho, na kila mheshimiwa alipomaliza kucheza watu waligeuka kumtazama yeye, si majaji. Wiki ya rumba alisema, “Anacheza kama anahutubia. Mikono mingi, miguu hakuna.” Wiki ya dansi ya Kizungu, ile ya kukumbatiana na kuzunguka, alitazama mpaka mwisho, akasema anamhurumia yule binti anayecheza naye. Baraza lilicheka mpaka mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa akasahau alichojia.

Nami nilikuwa nikichokoza. “Ona mama, huyu ndiye unayemngoja akuone?”

“Atatuona,” alijibu, na ganda likaruka.

Ndipo ikafika wiki ya ngoma za nyumbani. Kila mshindani alitakiwa acheze ngoma ya kwao. Mheshimiwa alitokea amevaa kikoi, kanga imefungwa kiunoni, njuga miguuni, tumbo limetangulia. Ngoma ikalia. Mkono wa mama ukasimama hewani na korosho yake.

Ilikuwa yetu. Mdundo ule ule, mwito ule ule. Na niseme ukweli unaoniuma: alicheza vizuri. Sijui alijifunza wapi, lakini mabega yalikuwa pale yanapotakiwa, magoti yalikunjika, na kwa mara ya kwanza tangu shindano lianze miguu yake ilikuwa inasema kitu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya nne akauburuta mguu wa kushoto, ukachelewa, na nyonga ikaenda kuuchukua.

Baraza lililipuka. Mama mdogo alisimama, akapiga vigelegele, kanga ikamdondoka, akaendelea kupiga. Watu walikuwa wakimgonga mama mgongoni. Fundi, adui mkubwa, alikuwa ameshika mkasi juu na mdomo wazi. Hata mimi nilicheka kwa furaha, niseme nini, ngoma yetu ilikuwa kwenye televisheni, nchi nzima inaitazama, na kuchechemea kwake kumo ndani.

Majaji watatu walimsifu. Ila wa nne, mwanamume mwenye miwani, alisema pale mguu wa kushoto ulichelewa, mheshimiwa alikosea hesabu, basi anampunguzia alama moja.

Mheshimiwa akaomba kipaza sauti. Alikuwa anahema, anajifuta jasho, ana furaha kama mtoto.

“Hapana, jaji, hapo sikukosea,” alisema. “Ndivyo inavyochezwa kwetu. Kuna mama mmoja anaongoza, mbele kabisa, aliwahi kuvunjika mguu, ukaunga vibaya. Basi akifika hapo anauburuta hivi. Nimemtazama miaka yote. Utamu wote wa ngoma ile uko hapo!” Akauburuta tena kuwaonyesha, na ukumbi ukapiga makofi.

Kwetu hapakukalika. “Umemsikia, dada?” mama mdogo alikuwa akimtikisa mama mabega. “Wewe huyo! Kakutaja wewe mbele ya nchi nzima! Si ulisema atakuona? Kakuona!” Simu zikatoka mifukoni. Kila mtu alikuwa anapiga kura, na fundi kwa mara ya kwanza alipiga kwa mapenzi. Nami nilitoa yangu, nikaandika namba ya mheshimiwa, kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

“Kumbe alikuwa anaona,” mama alisema.

“Si ndivyo ninavyokwambia!”

“Mguu aliuona.”

“Aliuona, dada!”

“Na kwamba ulivunjika alijua.”

“Alijua!”

Mama aliweka korosho ile kwenye ungo bila kuibangua. “Basi siku ile anapiga picha mbele ya boma alikuwa anajua,” alisema. “Mimi nilikuwa nimesimama pale, na fimbo.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, hasira ni fani yangu. Mama mdogo aliokota kanga yake. Televisheni ilikuwa imeingia kwenye tangazo la sabuni, na watoto wa kwenye tangazo walikuwa wanaimba. Nilifuta namba niliyoiandika, nikairudisha simu mfukoni.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi nimebeba ungo. Njia ni fupi lakini mama huenda polepole, na tulipita kando ya boma, ambako mbuzi mmoja alikuwa amesimama dirishani anatutazama. Siku nyingine tungecheka.

“Miaka yote nawazuia watu kumsema,” mama aliniambia. “Nawaambia hajaona.”

“Najua, mama.”

“Wewe ulikuwa unajua?”

Sikuwa najua. Nilikuwa nabisha tu, kwa sababu napenda kubisha, na nilikuwa nimetaka kwa miaka mingi nimshinde kwenye ubishi huu mmoja. Siku ile nilikuwa nimemshinda, na nilitamani kwa moyo wangu wote ningeshindwa mimi. Asiyeona unaweza kumngoja. Mama alikuwa amemngoja kwa raha kabisa, akimchezea, akimwombea dua, akiamini kosa liko kwenye vioo vya gari.

Mheshimiwa aliendelea wiki mbili nyingine, kisha akatolewa kwa dansi fulani ya kurukaruka ambayo tumbo lake halikuiafiki. Nchi ilikuwa imempenda. Watu waliokuwa wakimtukana kwenye simu zao sasa walikuwa wakitumiana video ya kuchechemea kwake, na nilisikia kwamba mjini Lindi vijana waliicheza harusini. Mama mdogo alitaka tuandike barua ya pongezi. Fundi alirudi kwenye chuki yake ya zamani, lakini bila moyo ule wa mwanzo.

Baada ya miezi michache mtendaji wa kijiji alikuja nyumbani, ana daftari kwapani. Tulikuwa uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu.”

Akakaa, akasema mheshimiwa anakuja wiki ijayo kuwashukuru wananchi kwa kura zao za kule kwenye shindano. Tena ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake, apokelewe na ngoma ile. Kikundi kijipange barabarani saa mbili asubuhi. Kuna watu wa televisheni watakuja naye, kwa hiyo safari hii hakuna kuchelewa, inshallah.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama bati linakuja kwenye msafara huo. Mtendaji akatazama daftari lake, akasema hilo halikuandikwa.

“Basi sisi hatutatoka.”

“Mama, nitamjibu nini mheshimiwa? Lazima niandike sababu.”

“Andika kwamba aicheze mwenyewe,” mama alisema. “Ngoma anaijua yote. Hata pa kuchechemea anapajua.”