Mikasi Yote ya Buyenzi

Mkasi mzuri ukipita kwenye kitenge kipya hutoa sauti nzito, kama ng'ombe anayeng'oa majani. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi nyumbani kwetu Buyenzi, maana mama alikuwa mshonaji na meza yake ya kukatia ilikuwa ubavuni mwa kitanda changu. Katika mambo ya mkasi mama hakuwa na mzaha kabisa. Ukiukatia karatasi, umejitafutia balaa. Hata kuununua kulikuwa na taratibu zake: aliuinua kwenye mwanga atazame kama makali yanagusana, akaipima skrubu kwa kidole, kisha akatoa kipande cha hariri alichokilowesha na kukikata kwa ncha tu. Ncha ikishindwa aliurudisha mezani, muuzaji anune asinune.

Vita vilipofika mitaani kwetu, risasi iliyopotea ilimpata mama kwenye kifundo cha mkono wa kulia alipokuwa anaanua nguo uani. Jeraha lilipona, ila vidole havikukunjika tena. Baba alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi Kigoma na habari zake zilikatika. Ule mkasi ndio uliotulisha mimi na wadogo zangu, kwa hiyo mama akauhamishia kushoto. Kitambaa kikawa kinajikunja katikati ya makali na kutoka kimetafunwa. Mama akasema mkasi umechoka, akanishika mkono tukaenda kutafuta mwingine.

Ilikuwa miaka ya vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani, bidhaa zinafika bandarini kwa kudokoa, na mikasi ilikuwa adimu. Muuzaji wa kwanza akautoa wake kwa mbwembwe. "Mama, ii makasi ni muzuri sana, inakata ata turubai." Mama akaujaribu kwa kushoto, hariri ikajikunja. Yule bwana akauchukua, akakata kwa mkono wake wa kulia, kitambaa kikaachana vizuri mpaka mwisho. "Unaona? Makasi aina shida," alisema. Halafu akautazama mkono wa mama, akapunguza sauti. "Pole, mama. Ni mukono."

Tulizunguka kila duka la Buyenzi, na kila mahali ilikuwa hivyo hivyo. Mkasi uliomshinda mama uliwatii wauzaji wote. Nani angebisha? Jirani yetu Mama Swedi, aliyekuwa ameleta kitambaa cha harusi ya binti yake, alikuja kukichukua hata kabla hakijaguswa. "Mi sina ubaya na we, shoga," alisema huku anatazama chini. "Lakini nguo ya arusi kukatwa na mukono ya kushoto, apana." Mama akamkunjia vizuri, akamkabidhi.

Baada ya hapo alikaa mezani kila siku akikata matambara na kuugombeza mkono wake kama anagombeza mtoto mtukutu. "We mujinga, kwa nini ausikii?" Mimi nilikaa kitandani namwangalia. Nilitamani kumpa mkono wangu, lakini nilikuwa mdogo, hata mkasi wenyewe ulinielemea. Sikuwa na la kufanya, na hilo liliniuma kuliko njaa. Mwishowe aliuza cherehani, akaanza kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Siku hizi mimi mwenyewe nashona, na maduka ya mjini yamejaa mikasi. Juzi binti mmoja muuzaji aliniuliza, "Mama, unakataka na mukono gani?" Nilicheka, nikidhani ananitania. Akanionyesha: upo mkasi wa kulia na upo wa kushoto, makali yamepandana kinyume. Ukishika wa kulia kwa mkono wa kushoto, vidole vyenyewe vinayaachanisha makali. Niliomba kitambara. Niliushika ule wa kushoto kwa mkono wangu wa kushoto, ambao hata kijiko haujui kushika, nikakata. Ukakata mpaka ncha. Nilisimama pale dukani nikilia, na yule binti hakujua anifanyie nini. Mama alikufa akiamini ni mkono.