Mashati ya Refa

Msusi hakuwa mtu wa ugomvi. Ugomvi wa watu wengine ulimtosha, maana mwanamke akishakalishwa kitini asukwe hutoa yote yaliyomjaa moyoni: ya mume, ya wifi, ya jirani mwenye redio. Msusi husikiliza, hugawa nywele, hupaka mafuta, na husema "pole" pale panapostahili pole. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichoweza kumpandisha mori mbele ya wateja, nacho ni shati la kiume la mikono mifupi, lenye mfuko upande wa kushoto, ambalo limefuliwa mara chache tu likageuka dekio.

"Limetoka dukani juzi," angesema, kitana kikiwa hewani. "Juzi! Leo kola imejikunja, vifungo vimekimbia, na rangi yote imehamia kwenye fulana. Hivi hawa watu wanashona nguo au wanatutania?"

"Taratibu, dada, hicho ni kichwa changu," angesema mteja.

Wateja wote walijua shati ni la nani. Lilikuwa la baba mkwe wake, na baba mkwe wake kila mtu alimwita Refa, kwa sababu alikuwa refa kweli. Alichezesha mpira kwenye viwanja vya vumbi mpaka magoti yakagoma. Hata leo wapo wazee mtaani wanaomsalimia shingo upande kwa sababu ya penalti iliyotolewa kabla wake zao hawajazaliwa. Refa hajali. Alichojali enzi zile, na anachojali mpaka sasa, ni kuwa nadhifu. Alikuwa radhi asahau filimbi kuliko kuingia uwanjani na shati lisilopigwa pasi. Na mfuko wa kushoto lazima uwepo. Zamani ulibeba kadi, siku hizi unabeba miwani na kitambaa cha jasho.

Mkewe alipofariki alihamia kwa mwanawe, fundi umeme, ambaye ndiye mume wa Msusi. Wakampa chumba chenye dirisha linalotazama uani, penye beseni, tangi la maji na kamba ya kuanikia. Alikaa vizuri tu, hana makuu, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Daktari alitaja ugonjwa na kuandika vidonge. Vidonge vilisaidia kidogo, lakini chai iliendelea kufika kifuani kabla ya kufika mdomoni. Basi likawa shati la asubuhi, shati la mchana, na jioni ikiwa kuna mchuzi, shati jingine tena.

Msusi hakuona tabu kufua. Amezoea maji, mikono yake inashinda kwenye maji. Tabu ilikuwa mashati. Mumewe ndiye aliyekuwa akiyanunua, na mumewe hununua nguo kwa macho. Likimeremeta, analichukua. Yalikuja mashati ya kung'aa, mepesi, yenye mistari ya kuvutia, na kila moja lilianza kulia lilipoona sabuni. Lingine lilipauka, lingine lilirudi likawa saizi ya mtoto, lingine lilitoka vipele mgongoni utadhani limeugua tetekuwanga.

Halafu ikaja siku ya maharage. Walikuwa mezani, Refa akisimulia fainali moja iliyochezwa kwenye mvua. Refa mezani ndiye aliyekuwa chumvi ya nyumba ile. Bila yeye watu walikula tu, wakanawa, wakaondoka. Akafika pale golikipa anapoteleza, akainama kuonyesha jinsi alivyoteleza, na mfuko wa shati, ambao uzi wake ulikuwa umeshachoka kwa kufuliwa, ukaachia. Miwani ikaingia kwenye bakuli la maharage. Watu walicheka mpaka machozi. Refa naye alicheka. Lakini Msusi alimwona akiacha kucheka kabla ya wengine, akashika kile kipande cha mfuko kinachoning'inia, akakibana na kifua kwa kiganja, akamaliza kula kwa mkono mmoja. Fainali ile hakuimalizia.

Msusi aliumia kweli kweli. Usiku ule moyoni aliapa kwamba atamtafutia mzee mashati yanayostahimili kufuliwa, hata ikibidi azunguke soko zima.

Na alizunguka. Alikwenda hadi kwa muuza mashati mmoja, bwana mnene mwenye maneno mengi, aliyezipanga nguo zake kwenye meza ya mbao chini ya turubai. Msusi hakuuliza bei. Alichukua shati, akalinyanyua juani aone kama mwanga unapenya. Akalivuta mabegani. Akaligeuza ndani nje akakagua mshono, kama uzi umepita mara mbili au mara moja. Akakikunja kitambaa ndani ya ngumi, akabana, akaachia, akatazama kinavyojirudisha. Akalamba kidole akasugua rangi.

"Dada," akasema muuza mashati, "unanunua shati au unakagua ndege?"

"Ndege ikianguka ni mara moja. Shati hili litafuliwa kila siku."

"Kila siku? Mwenye shati anafanya kazi gani, anachimba visima?"

"Anakunywa chai," akajibu Msusi, akaendelea kukagua.

Alirudi na mashati kadhaa tofauti, moja moja kutoka kila aina. Sasa sikiliza jinsi alivyofikiri, maana hapa ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe. Alijisemea: sitampa mzee shati lolote kabla sijaliamini. Macho yanadanganya, sabuni haidanganyi. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda saluni aliyafua yale mashati mapya, masafi, ambayo hayajavaliwa na mtu, kwa sabuni ya mche na mikono yote miwili. Akayakamua kwa hasira, akayaanika. Kesho yake akayafua tena. Refa hakuambiwa kitu. Msusi alitaka siku moja amtokee na shati lililoshinda mitihani yote, amwone anavyofurahi.

"Nyumba imekuwa ya dobi," mumewe alinung'unika akipita chini ya kamba, maji yakimdondokea shingoni.

"Jikaze kisabuni," Msusi akamwambia. "Ni kwa ajili ya baba yako."

Ilikuwa katikati ya mitihani hiyo Refa aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkwe wangu, chakula changu niletee chumbani. Huku sebuleni pana upepo."

Sebuleni hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Lakini nani atamwambia mzee muongo? Msusi akampelekea sahani chumbani siku hiyo, na siku iliyofuata, na ikawa ndiyo desturi. Chai akaanza kuomba nusu kikombe. Mchuzi akasema unampa kiungulia.

"Mwache," alisema mumewe. "Mzee anataka utulivu."

"Baba yako? Utulivu? Mtu aliyezoea kutukanwa na uwanja mzima?"

Msusi alijua sababu, au alidhani anaijua. Ni aibu ya mashati mabovu. Mzee nadhifu hawezi kukaa mbele za watu na kola iliyokufa. Dawa ni kuharakisha. Akanunua mengine zaidi ya kujaribu, akayafua asubuhi, na akirudi kutoka saluni akayafua tena. Kamba ya uani ikajaa kuanzia msumari wa bafuni mpaka nguzo ya tangi. Na kadiri kamba ilivyojaa, ndivyo Refa alivyozidi kupungua. Mashavu yaliingia ndani. Meza ikawa ya watu wawili wanaoulizana chumvi iko wapi. Msusi alianza kuogopa kwamba mzee anamponyoka, na hakuna kitu kinachotisha kama kumpoteza mtu ambaye bado yuko chumba cha pili.

Mchana mmoja mteja wake wa rasta hakutokea, ndoa ya dada yake ilikuwa imeahirishwa. Msusi akafunga saluni akarudi nyumbani mapema. Kupita uani, macho yakamtoka. Refa alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, suruali imelowa, povu limempanda mpaka kwenye nyusi. Anasugua shati alilovaa asubuhi. Mikono inatetemeka, maji yanaruka kila upande, na sabuni ilikuwa imemtoroka hadi mlangoni.

"Shikamoo, Baba. Unafanya nini?"

"Marahaba." Alijaribu kulificha shati nyuma ya kigoda. "Nafua."

"Kwa nini ufue wakati mimi nipo?"

 Refa akanyanyua kidevu kuelekea kwenye kamba iliyojaa.

"Mkwe wangu, mimi nina dirisha. Nakuona. Kila asubuhi kamba nzima ni mashati yangu. Ukirudi umechoka, unaanza tena. Sikujua kama nimeharibika kiasi hiki. Nilidhani nachafua moja, mawili." Akafuta povu usoni, likazidi. "Nikasema nikila kidogo na kunywa kidogo utapumzika. Nikakaa chumbani nisimwagike ovyo. Lakini mashati yakazidi! Sasa nikasema bora nijifulie, kwa sababu nadhani hata nikiwa nimelala nachafua."

Msusi alikalia ndoo iliyogeuzwa. Hakujua alie au acheke, akafanya vyote viwili.

"Baba, mashati yale hujawahi kuyavaa hata moja."

"Sijayavaa?"

"Hujayavaa. Ni mapya."

Refa alivaa miwani akayatazama mashati, akamtazama yeye, akayatazama tena.

"Sasa nani anayachafua?"

"Hakuna mtu. Nayafua yakiwa masafi."

"Unafua nguo safi."

"Kila siku, Baba. Nayajaribu kama yatadumu. Nilitaka kukupa moja zuri."

 Refa akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mkwe wangu, kichwa kinauma? Au ni yale mafuta ya nywele?"

Hapo wote wawili wakavunjika mbavu. Refa alicheka mpaka akashika tangi asianguke, na jirani akaipunguza redio yake asikie kuna nini. Msusi alipiga magoti akamwomba msamaha, akamwambia wazi kwamba nyumba imekuwa kaburi bila yeye, kwamba chakula hakina ladha, kwamba afadhali afue mlima wa mashati kuliko kumpelekea tena sahani moja chumbani. Refa aligeuza uso upande wa tangi, akakohoa. Aliporudisha uso alikuwa refa tena.

"Simama. Na hata majaribio yako hayana maana," akasema. "Mchezaji hapimwi akiwa amekaa benchi. Shati linajaribiwa kwa chai. Lete birika."

Msusi alileta birika. Yakapangwa mashati yote kwenye mkeka, na Refa akapita mbele yake kama anayekagua timu kabla ya mechi. Alimwaga chai kwenye kola, akamwaga mchuzi wa jana kifuani, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulipotetemeka ilikuwa faida, kwa sababu ulisambaza vizuri. Kisha wakaketi mbele ya beseni moja, wakafua pamoja, Msusi akisugua, Refa akisuuza. Lenye mistari ya bluu lilitoa rangi mpaka maji yakawa wino: kadi nyekundu. La kijivu lilibaki na doa la mchuzi pale pale: nje. Jeupe liliachia mfuko, na Refa akalisindikiza kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Kazi iliendelea siku kadhaa, chai nyingi ilimwagika, na fundi umeme akirudi kutoka kazini alimkuta baba yake ananenepa huku akimwagia nguo mchuzi kwa makusudi. Akaamua kutouliza.

Lililoshinda halikuwa zuri. Lilikuwa la drafti, kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia, pamba nzito, mshono umepita mara mbili, mfuko umekazwa kwa uzi kwenye pembe zote. Lilifuliwa, likamwagiwa, likafuliwa, na kila likianuliwa lilikuwa vile vile, limenyooka, halina habari. Tena lilizidi kulainika. Msusi alirudi sokoni akamwambia muuza mashati anataka ndugu zake wote.

"Lile baya?" akauliza yule bwana. "Dada, lile nilitaka kulifanya la kufutia meza."

"Hujui unachouza," akamwambia Msusi, akaanza kupekua.

Jumapili iliyofuata mafundi wanaofanya kazi na mumewe walikuja kula. Sebule ilijaa, viti vikaazimwa kwa jirani. Mlango wa chumba ukafunguliwa, Refa akatoka na shati lake la drafti lililopigwa pasi, miwani mfukoni, akaketi kwenye kiti chake bila kusema lolote kuhusu upepo. Wakamwomba asimulie. Akaanza: dakika za mwisho, uwanja umefurika, yeye ndiye ametoa penalti, na mashabiki wameshavunja uzio. Sauti ilikuwa imerudi yote. Akanyanyua kikombe kilichojaa pomoni, mkono ukatikisika, na chai ya moto kiasi ikamteremka kifuani mbele ya wageni wote.

 Fundi mmoja akatazama sahani yake. Msusi alikuwa ameshanyanyuka nusu, taulo mkononi.

"Kaa, Mkwe," akasema Refa bila hata kuinamisha macho kulitazama shati. "Mpira haujapigwa bado."

Akanyoosha kikombe aongezewe, akaendelea.