Uzi wa Damu ya Mzee

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayetaka biashara yake ikue, akatae uzi mzuri unaouzwa nusu ya bei? Nilimwuliza kaka yangu swali hilo kwa upole, nikamwuliza kwa hasira, na mara moja nikamchorea mistari miwili inayokatana, ya ugavi na mahitaji, jinsi nilivyofundishwa chuo kikuu. Alisema tu kwamba uzi ni kitu cha kununua dukani.

Tulikuwa watatu: kaka, dada anayemfuata, na mimi, binti kitindamimba. Biashara yetu ya kwanza ilikuwa mtindi. Tulipanga chumba Witeithie kwa sababu wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani, Juja, walikuwa wengi na wote walionekana wana njaa. Mambo yalienda vizuri mpaka wanafunzi wakapigana na polisi, chuo kikafungwa, na wateja wetu wote wakarudishwa makwao bila kujulikana watarudi lini. Nyumbani Thika tulikunywa mtindi asubuhi, mchana na jioni, hadi binti mdogo wa dada akalia akitaka strungi, chai isiyo na maziwa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada yangu na sikuwa na kazi. Barua zangu za maombi zilikuwa zimetapakaa Nairobi nzima. Dada naye alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume, na alirudi na vitu viwili tu vya maana: mtoto na mashine ya kufumia sweta. Alilala katika chumba kilichoshikana na jiko, yeye na mtoto kitanda kimoja, na moshi ulipitia juu ya ukuta kila mama alipowasha moto. Hakulalamika. Ila alisema, tukiwa wawili, kwamba atatoka chumba kile au atazeekea humo.

Wazo la sweta za shule lilikuwa langu, na bado nalionea fahari. Mitumba ilikuwa imewaua mafundi wengi mjini. Viwanda vya nguo vya Thika vilikuwa vinapunguza watu, na majirani zetu waliokuwa wakitoka kazini na pamba kwenye nywele sasa walishinda nyumbani. Lakini nilisema hakuna Mzungu duniani anayetupa sweta ya shule ya msingi ya Thika. Dada alicheka, akaipaka mashine mafuta.

Baba alitupa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Alimleta mchungaji kuiombea mashine, nami nikauliza kama isipoombewa itakataa kufuma. Mama alinifinya. Kisha baba akatangaza kwamba kaka ndiye meneja na ndiye atakayenunua uzi.

Nilitaka kujua ni kwa sifa gani. Kaka alikuwa mpole, mchapakazi, anajua kuongea na walimu wakuu, hilo nakubali. Lakini dada ndiye aliyejua uzi. Sababu ya baba ilikuwa jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na tangu kaka azaliwe baba alimwita "baba", bila utani, kwa heshima ya kweli. Ukimpinga kaka mbele ya mzee, umempinga marehemu. Mimi nilimwita "baba wa baba" tukiwa peke yetu, naye alitabasamu kidogo kama mtu aliyevikwa koti lisilomtosha.

Kaka alinunua kwenye duka la kiwanda, Thika, ambako kila koni ya uzi ilikuwa na lebo yenye jina la rangi na nambari. Shule ikileta sampuli, alikata kipande, akampelekea msichana wa dukani na kumwambia, nipe kama hii. Nilidhani anamtaka yule msichana. Siku moja nilibandua lebo kadhaa nikawashia jiko, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa kavu na nzuri. Kaka, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, alinifokea mpaka wateja wakasimama mlangoni.

"Nani amekuambia utoe lebo? Kwani ni zako?"

"Ni karatasi tu. Uzi si huo hapo unauona?"

Akatoka nje. Nikamwambia dada kwamba cheo kimeanza kumpanda kichwani.

Mwaka uliofuata shule moja ya kibinafsi ya Ruiru, mpya, yenye wazazi wenye uwezo, ilikubali tuwafumie sweta za wanafunzi wote. Rangi ilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, na mistari miwili ya dhahabu kwenye shingo. Mwalimu mkuu alikuwa na kibanda cha duka karibu na stendi ya Ruiru, na alisema tukileta sweta zote kabla shule hazijafunguliwa, atatupangisha, tuuze sare za shule yake hapo hapo. Duka lilikuwa na chumba nyuma chenye dirisha. Dada alikwenda kukiona, na jioni hiyo nikamkuta anapima kitambaa cha pazia.

Tatizo lilikuwa uzi. Duka la kiwanda lilikuwa limefungwa, halina bidhaa, na mlinzi aliyekuwa langoni hakujua lolote. Lakini Ruiru kulikuwa na mfanyabiashara aliyenunua mabaki ya viwanda kwa magunia. Uzi wenyewe ulikuwa imara, bei nusu, rangi zote. Kasoro yake ni kwamba koni hazikuwa na lebo.

Kaka akakataa. Alisema tungojee duka lifunguliwe. Alisema atatafuta Nairobi, akaenda, akarudi na habari kwamba uzi wa huko ungekula faida yote. Mimi na dada tulimgombeza asubuhi nzima, mpaka chakula cha mchana mezani, baba akisikia.

"Mnajua mnamgombeza nani?" baba akauliza. "Huyu ni baba yangu."

"Baba yako alichunga mbuzi maisha yake yote," nikasema. "Hakununua uzi hata siku moja."

Baba akaweka kijiko chini. Mama akaniambia mdomo wangu utanimaliza. Dada ndiye aliyeokoa mambo, akizungumza na kaka kana kwamba sisi wengine hatupo.

"Mimi sikuombi kitu kingine," alisema. "Niletee uzi tu. Nitakesha, nitafuma mwenyewe. Niletee uzi nitoke pale jikoni."

Kaka akasema sawa, ila twende naye, mmoja wetu, yeyote. Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema hajawahi kuona mwanamume anayeshikwa mkono na dada zake kwenda sokoni, na kwamba meneja ni meneja. Kaka akaenda peke yake.

Alirudi jua likielekea kuzama, magunia yakiwa kwenye mkokoteni, ametulia, hata anapiga mluzi. Dada alimkaangia mayai, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia mtu tangu arudi kwetu.

Asubuhi tukamwaga magunia uani. Lilikuwa jua kali, la Thika lile la Januari, halifichi kitu. Koni zingine zilikuwa damu ya mzee kabisa, zinafanana na sampuli. Zingine zilikuwa kahawia. Zingine, nyingi, zilikuwa kijani iliyokolea, kama ganda la parachichi lililoanza kuiva. Zilikuwa zimechanganyika gunia baada ya gunia.

Kaka alisimama karibu na mlango na kikombe cha chai.

"Si ni huo?" akauliza.

Dada alinyanyua koni mbili, moja kila mkono, akamwonyesha. "Unanichezea?"

Kaka alizitazama zile koni. Kisha akaacha kuzitazama, akatutazama sisi usoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma kitu. Ndipo akasema muuzaji amemlaghai, amechanganya wakati wa kufunga magunia.

Nilikwenda Ruiru mwenyewe siku hiyo hiyo, nikiwa na hasira ya kutosha kuuvunja mlango. Yule muuzaji hakunifokea, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema hakugusa gunia. Alisema kijana alikataa msaada, akachagua mwenyewe, koni moja moja, akiziinua na kuzisogeza mlangoni kwenye mwanga, na alichukua muda mrefu kuliko mteja yeyote. Mali ikitoka hairudi, akaongeza, na kuna watu wengine nje wanangoja.

Nilirudi na habari hiyo nyumbani kama ushahidi. Dada alisikiliza, kisha akatoa hitimisho ambalo mimi pia nilikuwa nimelifikia njiani: kaka hakutaka yeye ahamie Ruiru. Hakutaka duka la pili lisilo chini yake. Dada hakulisema mbele ya kaka, na ukimya huo ukakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Tulifuma zile koni zilizofaa, hazikutosha hata nusu ya darasa. Shule zikafunguliwa. Mwalimu mkuu alipata mfumaji mwingine, na yule mfumaji ndiye aliyechukua duka lenye dirisha nyuma.

Kaka aliacha umeneja bila kuombwa. Akaenda Ngoliba kulima vitunguu, na huko amefanya vizuri. Baba aliendelea kumwita "baba" mpaka alipofariki. Dada alibaki katika chumba cha jikoni miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na alipopata kazi na kupanga kwake, hakumwalika kaka. Kwenye arusi na mazishi walisalimiana kwa mkono. Mimi, niliyejivunia kuuliza kila kitu, nilikuwa na jibu mkononi na sikuuliza tena.

Mwanangu alipokuwa shule ya msingi, mwalimu wake aliniita kwa sababu alipaka miti yote rangi ya kahawia na nyasi rangi ya damu ya mzee, akisisitiza kwamba ni sawa. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimwonyesha kitabu chenye nukta nyingi, akamwuliza anaona nambari gani, na mtoto akasema haoni nambari yoyote. Daktari akaniambia kwamba macho yake ni mazima ila hayatofautishi nyekundu, kahawia na kijani, kwamba alizaliwa hivyo, kwamba mvulana huirithi hali hiyo kwa mama yake, nami huenda niliipata kwa mama yangu bila mimi wala yeye kuona tofauti yoyote, na kwamba kama nina kaka, upo uwezekano mkubwa kwamba naye yuko hivyo hivyo tangu kuzaliwa.