Shangazi na Viwavi Waliotoweka

Shangazi yangu, dada wa baba, alibandikwa jina la Bi Mavi na wenzake wa kazini, wala hakulikasirikia. Viwavi wenye pembe mkiani ni wanene kama kidole cha mtu mzima, lakini ukiwatafuta kwenye mnyanya utakesha, maana ni wa kijani kama shina lenyewe. Yeye hakuwatafuta. Alitafuta mavi yao, vipunje vyeusi juu ya majani ya chini, kisha akainua macho moja kwa moja hadi alipo kiwavi mwenyewe. Miaka kumi na tisa alichuma viwavi katika banda la nailoni la kulimia nyanya. Nami nilipoanza kazi pale alinifundisha hivyo hivyo, huku akinitania kwamba macho yangu ni ya mapambo.

Halafu viwavi wakatoweka, wote ndani ya siku tatu. Msimamizi alikuwa amepiga dawa mpya wiki ileile, basi kila mtu akamvisha kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa.

"Hawajafa, bosi," shangazi akamwambia. "Wameshiba, wameshuka udongoni kujigeuza. Tuwachimbue kabla hawajawa nondo."

Msimamizi akacheka. Kuchimba ni kukata mizizi, akasema, marufuku. Wachumaji wa viwavi wakaanza kupunguzwa mmoja mmoja, na baada ya wiki tatu ikafika zamu ya shangazi.

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia msimamizi mbele ya watu kwamba anamfukuza mtu pekee anayeijua kazi. Uso ukamwiva, akamgeukia shangazi.

"Haya, chimba. Mpaka saa sita. Nionyeshe hata mmoja. Ukikosa, unaondoka, na huyu binti yako anaondoka nawe."

Shangazi alinitupia jicho ambalo sijalisahau.

Alichimba kwa vidole, kina cha kiganja, akikwepa mizizi. Shina la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Ilipofika saa tano alikuwa amemaliza mashina kumi na mawili, mikono mitupu. Wenzetu walijifanya wanafunga kamba za nyanya, kumbe wanatazama. Mimi nilijilaani kwa kuropoka. Yeye akakaa kitako kidogo.

"Kabla ya kujizika hutembea," akasema, kama anajikumbusha. "Hutafuta udongo laini."

Akayaacha mashina, akatambaa hadi ukingoni mwa banda, chini ya bomba linalovuja.

Saa sita kasorobo akatoa kitu cha kahawia, kirefu kama kidole, chenye kimkono kilichojikunja kama cha birika. Ndiyo nyumba ambamo kiwavi hujigeuza. Akakiweka kiganjani mwa msimamizi. Kilikuwa chepesi, kimepasuka mgongoni, ndani hamna kitu.

"Ganda tupu," msimamizi akasema, akashusha pumzi. "Si nilisema? Wamekufa."

"Aliyekufa huacha mwili," shangazi akamjibu taratibu. "Mwili uko wapi?"

Msimamizi akalichungulia tena ganda lile. Kisha akainua macho kwenye nguzo ya mbao. Pale nilipodhani ni gome tu, palikuwa na nondo wa kijivu ametulia, mkubwa kama kiganja changu. Kwenye nguzo ya pili walikuwa wawili. Shangazi hakuhangaika nao. Alikuwa ameshageuza jani la nyanya, na upande wa chini palikuwa na mayai, madogo kama ulezi, yamekwisha kupauka, dalili kwamba yanakaribia kuanguliwa. Akageuza la pili, hali ni ileile.

Nilidhani atafurahi. Machozi yalimlengalenga, nikajua angependa mno kuwa amekosea.

"Rudi kazini," msimamizi akasema. "Kesho asubuhi nitakupa watu sita."

"Kesho hawa watakuwa viwavi wenye meno," shangazi akasema, akageuza jani la tatu.