Mwanahawa wa Bigwa na lile neno "yeye"

Kichwa changu kimekataa kabisa, ndugu zangu. Mwanahawa binti Kobelo amefariki juzi asubuhi, na mimi mpaka sasa nikisikia mtu anakohoa njiani nageuka, nadhani ndiye anashuka mlimani kuja kunitukana.

Karatasi hii naibandika ukutani pa sokoni, Morogoro. Ajuaye kusoma amsomee jirani yake. Mimi Mnyamwezi nimeona ziwa, nimeona bahari, nimekaa Bagamoyo mpaka Bagamoyo ikanichoka. Mtani kama huyu sijapata.

Siku ya kwanza nilimwambia Waluguru hulima wamejifunga kamba kiunoni wasije wakadondoka shambani. Akautazama mzigo wangu, akasema Wanyamwezi hubeba kila kitu kichwani isipokuwa akili. Tukawa ndugu.

Baadaye nikapata kazi ya ukalimani bomani. Kijerumani nilijifunza misimu miwili ya mvua, nikaona nimekimaliza.

Mnaukumbuka ule mkataba wa Wadachi na watu wa mlima? Serikali ilitaka msitu wa juu, ikaahidi kwamba kila mwenye shamba chini ya mpaka, "yeye na uzao wake", hataondolewa. Karatasi zilikuwa mbili, ya Kijerumani na ya Kiswahili. Hii ya pili niliiandika kwa mkono wangu.

Wazee walishatia vidole. Mwanahawa akasimama na wanawake wenzake, maana mlimani ardhi ni ya ukoo wa mama, akasema mkataba bado haujakubaliwa. Akaniuliza huyo "yeye" ni mwanamume au mwanamke.

Nikamjibu, "Mtani, yeye ni yeyote. Hata wewe."

Wanawake nao wakatia vidole, mmoja mmoja, mpaka wino ukaisha.

Kumbe Kijerumani kina yeye wa kiume na yeye wa kike, na pale palikuwa pameandikwa wa kiume. Niseme kweli, nilihisi kidogo wakati naandika. Niliona haya kuuliza. Mtu aliyefika Bagamoyo haulizi.

Mume wa Mwanahawa alipofariki, shemeji yake Salehe akalitaka shamba, lile Mwanahawa alilorithi kwa mama yake, lenye migomba na maharage. Kuna mtu alikuwa amemnong'oneza habari za yeye wa kiume. Bwana shauri, Mdachi wa bomani mkata mashauri, akaisoma karatasi yake ya Kijerumani, akasema mwanamke hamo.

Mwanahawa hakumtazama bwana shauri. Alinitazama mimi. Akasema taratibu, "Mwambie mimi sikutia kidole kwenye Kijerumani. Nilitia kwenye Kiswahili."

Nikatafsiri. Ilikuwa tafsiri yangu bora kuliko zote, na ndiyo ya mwisho. Karatasi mbili hazikulingana, na aliyeandika ni mimi: kazi ikaisha siku ile ile, na viboko hamsa ishirini nikala mgongoni.

Aliyenipaka mafuta ya nyonyo ni yeye. Akasema sasa hata mgongo wangu umeandikwa, ila nao hausomeki.

Shauri lenyewe halikukatwa. Aliambiwa njoo mwezi ujao. Akashuka, akapanda. Njoo mwezi ujao. Akashuka na fimbo, kisha akawa anashuka binti yake amemshika mkono.

Siku moja alikaa kizingitini kwangu, akavua ndala zake za ngozi, akasema, "Mtani, nimechoka kuthibitisha kwamba nipo." Nilitafuta mzaha, nikaukosa. Mimi, nikaukosa.

Jana tulimzika shambani kwake. Kabla hawajamteremsha nikaingia kaburini nikalala chali. Haki ya mtani mnaijua: hatoki mpaka akombolewe. Wakaleta kuku, nikakataa. Wakaleta mbuzi. Nikasema udongo wa huku laini, tena kodi hakuna, naona nitabaki. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, maana jua lilikuwa linapanda na maiti anangoja.

Nikamwita Salehe. Nikamwambia kuku ale yeye, mbuzi ale yeye, mimi nataka aseme mbele ya watu shamba hili ni la nani.

Akageuka nyuma. Wanawake wa mlimani siku hiyo walikuwa wamekataa kubaki nyumbani. Walisimama nyuma yake. Mwisho akainamisha uso, akasema, "Ni lake. Na la binti zake."

Nikamwomba arudie kwa sauti, kwa kuwa ukalimani umeniharibu masikio. Akarudia. Ndipo nikatoka, nimechafuka udongo mwili mzima, mgongo unauma kama siku ile.

Bomani sijui watasemaje mwezi ujao. Binti yako, Mwanahawa, ataitwa, nami nitakwenda naye, hata kama mlangoni watanifukuza.

Wewe lakini hushuki tena, mtani wangu. Pumzisha miguu. Uko kwako, chini ya migomba yako, na yule aliyelitaka shamba ndiye aliyekutupia udongo wa kwanza. Lala, Mwanahawa. Lala, hakuna wa kukuhamisha.