Dishi Juu ya Gari la Dereva

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Dishi, basi. Hata wanawe wakimtafuta sokoni waliulizia Mama Dishi, wakaonyeshwa alipo. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kilichofika getini kabla yake.

Kazi hii aliianza kwa hasira. Zamani alikuwa akiuza dukani vifaa vya redio na televisheni, na kila mara wateja walimrudishia dekoda wakidai ni mbovu. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akafunga duka, akamfuata mteja mpaka nyumbani kwake. Dekoda ilikuwa nzima kabisa. Dishi ndilo lililokuwa likikodolea macho tangi la maji la jirani. Akaligeuza kidogo kidogo, kidogo kidogo, mpaka watu wa sebuleni wakapiga kelele za furaha. Kuanzia hapo dukani hakukukalika tena. Mumewe, ambaye ni seremala, alimchongea ngazi ya mbao nyepesi anayoweza kuibeba begani peke yake, akamwambia, "Haya, nenda kawapandie watu mapaani, ila ukianguka usinianzishie mimi maneno."

Wenye nyumba wengi walikuwa wakimfungulia mlango kisha wakichungulia nyuma yake. "Fundi yuko wapi?"

"Fundi ndiye mimi," alikuwa akijibu. "Huyu mwingine ni ngazi, haongei."

Basi juma moja akaitwa na mkunga mstaafu aliyekuwa akiishi na mdogo wake wa kiume, naye mstaafu, aliyeendesha malori maisha yake yote. Mtaa mzima ulimwita Dereva. Nyumba yao ilikuwa imefunikwa na miti: mizambarau miwili mbele, na nyuma mparachichi mkubwa uliolala juu ya bati kama kuku aliyeatamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, na uniokoe. Jumamosi mjukuu wangu anadaka mpira kwenye timu ya taifa ya wanawake. Mara yake ya kwanza, na mechi inaonyeshwa. Mikono ile inayodaka niliipokea mimi mwenyewe, siku anazaliwa. Nami nikaangalie kwa jirani?"

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita. Wa kwanza alipanda paani, akaona majani matupu, akashuka na kusema miti ikatwe. Wa pili alipata picha upepo ulipotulia. Upepo ulipovuma, picha ikakatika vipande vipande.

"Na mimi nasema hivyo hivyo, ikatwe!" Dereva alidakia kutoka kibarazani. "Shoka ninalo."

"Wewe mtoto, hebu nyamaza," alisema dada yake. "Maparachichi unayakula wewe, kivuli unalalia wewe, halafu shoka unalo wewe?"

Mama Dishi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akawaeleza: setelaiti iko juu sana, kwa hiyo dishi lao litatazama juu, kama bakuli linalosubiri mchuzi. Majani mabichi yamejaa maji, na mawimbi yakiyagonga yanaishia hapo hapo. Si lazima dishi likae paani. Linachotaka ni uwazi tu, hata likiwa chini.

Akaanza kuutafuta huo uwazi. Alizunguka ua shingo imepinda, dishi mikononi, na kipima mawimbi chake kikining'inia kifuani kikilia kwa unyonge. Karibu na jiko, majani. Kwenye kamba ya nguo, majani. Alisimama juu ya banda la kuku, jogoo akamkimbiza. Majirani wakaja ukutani kutazama. Ghafla, kwenye kona ya ua karibu na geti, kipima kikaanza kulia kwa nguvu, *piii!*, bila kusita.

"Hapa!" alipiga kelele. "Hapa pana mbingu!"

Hapo hapo palikuwa na gari la Dereva. Lilikuwa limekaa pale tangu alipostaafu, magurudumu yameisha upepo, mwenyewe akisema litapona. Upande mmoja ukuta, upande wa pili njia ya kuingilia. Nafasi ya kuchomeka nguzo haikuwepo.

Mkunga aligeuka taratibu akamtazama mdogo wake. "Kumbe kinachozuia si miti."

"Gari langu halitoki," alisema Dereva, na uso wake ulionyesha kwamba hatanii. Lile gari ndilo lililokuwa la kwake mwenyewe baada ya kuendesha magari ya wengine miaka yote. Kila jioni aliingia humo, akafungua redio yake ndogo, akashika usukani.

Mama Dishi aliliona hilo, hakutaka kumbana mzee wa watu. Akalizunguka gari, akagonga keria ya juu kwa ngumi. Ilikuwa ngumu. "Mzee, tufanye hivi. Gari lisiende popote. Ila kwa kuwa limepumzika vya kutosha, libebe mzigo kidogo. Lakini sharti moja: picha ikiwa inaonyeshwa, hakuna kuligusa."

Dereva alifikiri, kisha akatabasamu. Mzigo, hilo alilielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaza bolti kwenye keria huku Mama Dishi akinyoosha waya mpaka sebuleni. Televisheni ilipowashwa, picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Jumamosi mkunga alimwalika Mama Dishi aje kama mgeni, bila ngazi. Sebule ilijaa, watu wakakaa hadi mlangoni. Mjukuu alipoonyeshwa kwa karibu, glavu zake zikimpwaya, bibi yake alisimama akampigia makofi kana kwamba anamsikia. Timu ikapata bao la mapema, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Halafu, dakika za mwisho kabisa, beki akamkwatua mtu ndani ya kisanduku. Penalti.

Dereva, ambaye moyo wake haukuweza, alinyanyuka. "Mimi siangalii," akanong'ona, akatoka nje. Miguu ikampeleka ilikozoea. Akafungua mlango wa gari, akaingia, akaubamiza.

Picha ikaganda. Mpigaji ameinua mguu, kipa amepiga magoti nusu, na hakuna kinachoendelea.

"DEREVA!" nyumba nzima iliita.

Mama Dishi alikuwa amekwisha kupita dirishani, usiniulize vipi kwa mwili ule. Alipanda juu ya boneti, akalikumbatia dishi kwa mikono miwili, akalisukuma kidogo. "Imerudi?"

"Bado!"

"Na sasa?"

Hawakumjibu. Alisikia mlipuko wa kelele, sufuria zikigongwa, na sauti ya mkunga juu ya zote: "Ameudaka! Jamani, ameudaka!" Ndani ya gari Dereva alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka, na Mama Dishi hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinama kwenye kioo akaona ni vyote viwili.

Yeye aliuona mpira ukidakwa wakati wa marudio, akiwa amesimama mlangoni, mikono ina kutu. Simu ya mkunga ikalia muda mfupi baadaye.

"Bibi, umeniona?"

"Nimekuona, mke mwenzangu. Mtaa mzima umekuona."

Kesho yake Dereva alimpigia Mama Dishi mwenyewe, sauti ya chini. "Mwanangu, njoo. Nimeamua nilisogeze gari. Timu imepita, kuna mechi nyingine, na mimi jinsi ninavyojijua, nitaingia tu humo."

Majirani walijitokeza wote kusukuma. Mkunga ndiye aliyeomba kushika usukani, ingawa hakuwahi kuendesha hata baiskeli, na Dereva alitembea kando ya dirisha akimwelekeza: kata, kata, nyoosha, dada utanigonga! Gari lilienda likilalamika mpaka chini ya mzambarau, likatulia kivulini. Dereva akaingia, akashusha kioo, akasema huku ndiko kuzuri zaidi, alikuwa wapi siku zote.

Mama Dishi alichimba shimo penye uwazi, akasimika nguzo, akamimina saruji. Alipokuwa akiinyoosha kwa mwiko, simu yake ikaita: nyumba ya mtaa wa pili, nayo imezungukwa na miti. "Nakuja," alisema. "Msikate kitu."