Sahani Mbili za Bi Mwanabaraka

Saa tisa alasiri, Ramadhani ya mwaka 2003. Mvua ya Novemba inapiga madirisha ya hekalu kongwe la Kibudha, kaskazini-magharibi ya London. Bi Mwanabaraka Matar, mwenye miaka sitini na mmoja, anavua viatu mlangoni na kuingia chumba cha maandiko, kitambaa kikavu mkononi. Maji humu ni mwiko.

Ndani ya makabati ya vioo yamelala maandiko matakatifu ya karne nyingi, yaliyochorwa juu ya majani makavu yanayofanana na makuti.

"Kwetu Wete makuti tunaezekea banda la kuku," ananinong'oneza. "Haya ya huku yana chumba chenye joto kushinda changu."

Chumba chake kiko Kenton, juu ya duka la vitambaa. Tangu mumewe Miraji afariki, miaka minne sasa, hufuturu na redio. Mwanawe Mansour yuko Toronto. Hupiga simu kila Jumapili, akikumbuka kuwa ni Jumapili. Kazi ya usafi, paundi tano kwa saa, inatosha kodi na nauli.

"Njaa nimeizoea, mwanangu," ananiambia. " Tabu ni kupika uji wa mtu mmoja. Hata uji wenyewe huona haya kuchemka."

Mwanzoni mwa mfungo akaapa: mwaka huu atafuturu na mtu. Anayemjulia hali kila siku ni mmoja tu, mtawa mkuu wa hekalu, mzee wa Sri Lanka. Akapika mbaazi za nazi na mikate ya ufuta. Jua lilipozama, akaandaa sahani mbili jikoni mwa hekalu.

Mtawa akatazama chakula, akakutanisha viganja. "Sista, sisi hatuli baada ya saa sita mchana. Mpaka kesho asubuhi."

"Hata tonge?"

"Hata tonge."

"Lo, Babu! Kinywa changu chafungwa mchana, chako jioni. Nani katuroga sie?"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kengele ya ibada ikalia, akaenda zake. Bi Mwanabaraka akafuturu peke yake, sahani ya pili ikipoa mbele yake.

Sasa anaisubiri Idi, wiki ijayo. Siku hiyo yeye hafungi, na asubuhi mtawa hula.

"Mwezi tu uandame. London hii kila msikiti una mwezi wake! Nitampikia biriani ya mboga, nimpelekee saa tano."

Namuuliza: mtawa mwenyewe ameshaambiwa?

Bi Mwanabaraka anakunja kitambaa, anakificha kicheko ndani ya mtandio.

"Kasema nije saa nne. Eti yeye hula polepole."